Manjano ya Jikoni

Tarehe tisa Februari mwaka huu Salehe Mloka alifariki nyumbani kwake Matombo, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Habari ilinifikia nikiwa kwenye cherehani. Nilimaliza mshono niliokuwa nao mkononi, kwa sababu mwenye gauni alikuwa amekaa mbele yangu akingoja, ndipo nikafunga mlango na kutafuta usafiri wa kupanda mlimani. Salehe hakuwa ndugu yangu wala mume wangu. Alikuwa mtu niliyemdanganya mara moja tu, kwa maneno matatu, na kwa miaka thelathini na moja sikupata kumwambia ukweli. Sasa hawezi kuusikia. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, kisha nikafundishwa kushona, kwa hiyo nitaandika kama ilivyokuwa bila kupamba. Ni habari ya mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na habari ya picha moja.

Tulikuwa na chama. Jina lake kamili lilikuwa Chama cha Wachoraji wa Chaki za Rangi, Mkoa wa Morogoro, lakini watu wa Mafiga walituita watu wa vumbi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, chenye dirisha moja lililotazama milima. Chaki za rangi hazinywewi na karatasi kama rangi ya maji. Zinakaa juu yake tu, vumbi juu ya karatasi, na ukipitisha kidole umeshaharibu shavu la mtu. Wachoraji wengine huzipulizia dawa ya nywele ili zishike. Mama Theresia, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu aliyefundishwa kuchora na masista wa misheni, alikataza kabisa, maana dawa hiyo hufifisha rangi. Badala yake alitufundisha desturi moja. Picha ikikamilika, mwenyewe anasimamisha ubao wake wima, anagonga mgongo wa ubao mara tatu, na vumbi lisiloshika linaanguka mezani. Wakati anagonga, wote tulinyamaza. Mama Theresia alikuwa akisema, "Kisicho chake kiende." Kisha vumbi lilizolewa kwa unyoya wa kuku na kutiwa kwenye kopo la maziwa, na mwisho wa mwaka tulilikanda kwa uji mwembamba wa mchele tukapata chaki za rangi ya kijivu, ambazo kila mtu alizitumia kwa vivuli vya chini ya macho.

Lakini mashine ya jirani nayo iligonga, na haikuhesabu mara tatu. Ikiwashwa, ukuta mzima ulitetemeka, na ukiangalia vizuri uliona uzi wa vumbi ukishuka kutoka kwenye uso fulani, polepole, kama mtu anayetokwa na jasho. Ndiyo maana siku tusizokutana picha zote zililazwa kifudifudi kwenye meza, na Jumamosi asubuhi mtu wa kwanza kufika alizigeuza. Sikupenda kuwa wa kwanza. Kulikuwa na picha ya mzee mmoja muuza kahawa ambaye mdomo wake ulikuwa umepukutika wiki hadi wiki, mpaka ukawa kama mdomo wa mtu aliyefumbua kutaka kusema. Niliigeuza kila mara nikiwa nimetazama dirishani. Leo nikipita Mafiga, mashine haipo tena, pale pana duka la simu, lakini miguu yangu bado inapunguza mwendo kwenye kona ile.

Tulikuwa na furaha pia. Saa nne tulikula. Mama Theresia alileta vitumbua, mimi mihogo ya kuchemsha, na Salehe, aliyefanya biashara ya ndizi kutoka Matombo, alileta ndizi mbivu tukazikaanga kwenye jiko la mkaa mlangoni. Bwana Athumani, mchora vibao vya maduka, yeye alileta maneno.

"Fundi Mwanaidi," aliniambia mara ya kwanza aliponiona nachora mtu, "huyu umemchora au umempima gauni? Mbona mabega yote sawa?"

"Bora wangu ana mabega," nilimjibu. "Wako wa kibao cha kinyozi hana shingo."

"Yule anakwenda kunyolewa, shingo ya nini?"

Mama Theresia alicheka mpaka akapaliwa na chai. Salehe naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha kitu nyumbani. Alikuwa amenizidi miaka kumi. Mkewe, Mwanamkasi, alikuwa amefariki kwa homa ya siku nne, miaka miwili kabla. Walikuwa na mtoto mmoja, Tatu, wa miaka minne, aliyelelewa na bibi yake mzaa mama huko Matombo, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na hakuna aliyeshangaa. Jambo lililomtesa Salehe lilikuwa jingine. Mwanamkasi hakupigwa picha hata moja maishani. Mtoto alikuwa ameanza kumuuliza bibi yake, "Mama alikuwaje?" na bibi alikuwa akimwonyesha jirani mmoja na kusema, kidogo kama yule, lakini si yule.

Salehe alijiunga na chama ili amchore mkewe. Alijaribu mwaka mzima. Alianza vizuri, paji la uso, nyusi, lakini akifika mdomoni sura iligeuka ikawa ya mtu mwingine, na kila mara mtu mwingine tofauti. Jumamosi moja aliziweka karatasi zake zote sakafuni, wanawake wote wale wasiojulikana wakitutazama, akasema, "Sijui hawa wametoka wapi." Hakuna aliyetania. Athumani alipoombwa asaidie alisema yeye huchora vibao, hachori marehemu. Mama Theresia alisema mikono yake imeanza kutetemeka. Salehe akanigeukia.

"Mwana, wewe hukumwona. Labda ndiyo vizuri. Mimi nitasema, wewe utachora."

Tulifanya hivyo Jumamosi saba. Yeye alikaa ameelekea ukuta, ananipa mgongo, kwa sababu alisema akiona karatasi anasahau. Nami nilikaa nyuma yake na ubao magotini. Alisema kope zake, akasema nywele zinavyoanza. Alisema ana alama ndogo nyeusi kama punje ya mtama shavuni, na bila kugeuka aligusa shavu lake la kushoto, nami nikaiweka hapo, kwenye shavu la kushoto la yule mwanamke. Alianza na "alikuwa," lakini kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa anasema "ana," na ya tano alisema, "Leo hajafurahi." Nilitazama karatasi yangu. Kweli, hakuwa amefurahi. Sikukumbuka lini nilikuwa nimezishusha nyusi zile. Siku hiyo umeme ulikatika, mashine ikanyamaza ghafla, na katika kimya kile Salehe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na mkewe jikoni, "Inamisha macho, usimtazame fundi hivyo." Sikujua anaongea na nani. Nilichukua chaki nikashusha kope zote mbili.

Sura ilikuwa imefika, lakini ilikuwa baridi. Udongo mwekundu wa mlimani niliokuwa nao, na hudhurungi ya dukani, vilimfanya awe kama aliyemwagiwa majivu. Alihitaji manjano chini ya ngozi. Chaki za manjano za chama zilikuwa zimekwisha, na nyingine zilikuwa zimeagizwa Dar es Salaam na hazijafika. Katika sheria za Mama Theresia ilikuwepo moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: manjano ya jikoni ni marufuku. "Yanapendeza," alisema, "na jua likiyaona hayamalizi miezi mitatu. Utakuwa umemchora mtu atakayeondoka." Nilikuwa nimeisikia. Siwezi kusema sikuisikia. Lakini Salehe alikuwa na haraka ya kupeleka picha kabla ya mvua kuharibu barabara, na mimi nilikuwa na haraka yangu. Jumamosi ya sita, tukiosha vikombe, aliniuliza kwa sauti ya chini kama wazee wangu wangepokea barua akiituma. Nilisema wangepokea. Nilitaka ile picha iishe, ining'inizwe, yule mwanamke apate mahali pake, nami nipate pangu. Hiyo ndiyo kweli.

Basi usiku nilitwanga manjano, manjano mazuri ya Matombo aliyoniletea Salehe mwenyewe kwa ajili ya mboga, nikayachanganya na unga wa chaki nyeupe za ubaoni na uji wa mchele, nikayasokota, nikayaanika uvunguni mwa kitanda. Jumamosi ya saba nilipoyapitisha mashavuni na kwenye paji la uso, yule mwanamke alipata damu. Salehe aligeuka kabla sijamwita. Hakulia. Alisema tu, "Ndiye," kisha akatoka nje akasimama kwa watu wa mashine, na aliporudi alikuwa na unga mabegani.

Mama Theresia alivaa miwani. "Manjano umepata wapi?"

"Nimeletewa toka Dar."

Hayo ndiyo maneno matatu, na Salehe aliyasikia. Alinitazama, akaitazama picha, akasema, "Haya, gonga." Niligonga mara tatu. Hakikuanguka kitu. Hata chembe. Athumani akasema, "Huyu hataki kuacha chochote," na hakuwa anatania.

Niliifunika kwa karatasi nyembamba ninayokatia vipimo vya nguo, tukaibana kati ya mbao mbili, nikapanda nayo Matombo pamoja na Salehe juu ya lori lililokwenda kupakia ndizi. Barabara ilitutikisa njia nzima na mimi nilikumbatia zile mbao kifuani, nikisikia kama kitu kinakwaruza ndani. Nyumbani kwa mkwewe, Bibi Mwantumu, tulipiga hodi tukaamkia shikamoo, tukapewa maji ya kunawa, na kwanza tulikula, ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi na kisamvu, kwa sababu bibi alisema haonyeshwi mwanawe na watu wenye njaa. Kisha nikafungua. Bibi Mwantumu aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Aliitazama zaidi upande wa shavu lenye alama, akagusa shavu la pili kwa kidole bila kufika kwenye karatasi.

"Kwa hiyo mmemleta," alisema.

Salehe akaining'iniza mwenyewe, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, ili mtoto aione vizuri kila asubuhi. Nilitaka kusema si hapo. Nilitaka kusema aiweke ndani, pasipo na jua. Lakini ningesema hivyo ningeulizwa kwa nini. Tatu alikuwa amejificha nyuma ya mlango, jicho moja nje. Aliomba apewe ile karatasi ya kufunikia, bibi akamwambia karatasi nzuri haichezewi, akaikunja bila kuikunjua vizuri, akaitia kwenye sanduku la bati.

Mvua zilinyesha, barabara ikafungwa, kisha jua likawaka. Salehe alipoanza tena kwenda Matombo kufuata ndizi, alirudi siku moja akakaa chumbani bila kuchora. Nilidhani ameuguliwa na mtoto.

"Mtoto mzima," alisema. "Ni mama yake. Ameanza kuumwa."

Nilimwelewa papo hapo, na nilijifanya sikumwelewa. Alieleza. Kwanza mashavu, kisha paji la uso. Kila akienda alikuta amepauka zaidi. Watu wa pale walikuwa wameanza kuja kutazama, wengine wakasema nyumba iliyowekwa sura ya mtu ukutani haiingiwi na malaika, wengine wakasema marehemu ana jambo. Mtoto alikuwa amekataa kulala chumba kile. Bibi alikuwa ameigeuza picha ielekee ukuta. "Homa yake ilikuwa hivi hivi," Salehe alisema. "Alianza mashavuni." Alikuwa ameshika kikombe na chai ilikuwa inamwagika mkononi mwake wala hajui. Sikuuliza habari ya barua. Yeye ndiye aliyesema, mlangoni, akiwa amenipa mgongo kama siku zile za kuchora. "Mwana, nadhani hakubali."

Ningesema pale pale. Ni manjano, kaka Salehe, manjano uliyoniletea wewe, ni jua tu. Sentensi ndogo. Lakini angejua kwamba nilidanganya juu ya uso wa mkewe, na angejua vilevile kwamba nasema sasa kwa sababu nataka niolewe. Nililala nayo siku nyingi. Mwisho nilipanda Matombo peke yangu, siku niliyojua Salehe yuko sokoni mjini, ili nianze kwa Bibi Mwantumu, maana mzee angejua namna ya kumfikishia.

Bibi alinipokea vizuri. Nikasema nimekuja kuitazama picha. Hakuuliza sababu. Akaniacha nayo chumbani, akatoka kuchambua mpunga. Niliigeuza.

Mimi ndiye niliyeisokota ile chaki. Nilijua nini kimeondoka na kwa nini kimeondoka. Manjano yalikuwa yamekwenda yote, na kilichobaki kilikuwa udongo na ile kijivu ya chini ya macho, kijivu iliyotokana na vumbi la picha zetu wote. Mdomo ulikuwa umekauka. Lakini nilikuwa nimezishusha kope zile mimi mwenyewe, siku umeme ulipokatika, kwa mkono wangu, na sasa macho yalikuwa wazi. Nimejieleza mara nyingi tangu siku ile: kivuli cha kope kilikuwa cha manjano, kimetoweka, kwa hiyo kope zimeinuka. Ni maelezo mazuri na huenda ndiyo ya kweli. Siku ile hayakunisaidia. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekuwa akingoja nifike. Nikamgeuza ukutani, nikatoka nje, na Bibi Mwantumu akaniuliza bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, "Umemwona?"

"Nimemwona, bibi."

"Ulikuwa na neno?"

Nikasema sina. Nikamsaidia kuchambua mpunga mpaka lori la jioni.

Barua haikutumwa. Salehe hakuoa, si mwaka ule wala baadaye. Aliacha chama, akahamia Matombo kabisa, jirani na mwanawe, na kila nilipokutana naye sokoni tulisalimiana vizuri, akaniuliza hali ya cherehani, nikamuuliza hali ya Tatu. Picha yenyewe baada ya miaka kadhaa iliingiwa na mchwa. Mama Theresia alifariki, Athumani akafuata, kopo la vumbi sijui nani alilichukua. Mimi niliolewa na mtu mwema tukakaa miaka kumi na sita, naye ametangulia, na wala sikumwambia habari hii.

Nilipofika msibani Februari maiti ilikuwa imeshatolewa. Nilikaa na wanawake, kwenye nyumba aliyoiacha Bibi Mwantumu. Tatu sasa ni mtu mzima, ana watoto watatu, na nilipomwona, kabla sijampa pole, paji lile la uso na nywele zile zinavyoanza nilizijua kwa mkono. Ana alama shavuni. Iko kulia. Nililala pale. Asubuhi, watu wakiwa nje kwenye mikeka, alinishika mkono akaniingiza chumba kile kile, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni.

"Mama, nina kitu nataka ukione. Wewe ndiye uliyechora."

Akatoa karatasi yangu ya kukatia vipimo. Aliikunjua juu ya kitanda, polepole, maana imekuwa kama ganda la kitunguu. Barabara ya Matombo ilikuwa imefanya kazi yake ndani ya zile mbao. Uso wote ulikuwa umehamia pale, hafifu lakini kamili, umegeuka kama kwenye kioo, alama imekaa shavu la kulia. Salehe alikuwa amenionyesha kushoto kwa sababu alimwona akiwa mbele yake, na mimi nikaweka kushoto kwake yule mwanamke. Karatasi ilikuwa imelirekebisha kosa ambalo hatukujua tumelifanya. Na alikuwa wa manjano. Miaka thelathini na moja ndani ya sanduku, gizani, mashavu yana damu, macho yameinama.

"Mimi nilikuwa namtazama huyu," Tatu alisema. "Yule wa ukutani nilimwogopa. Bibi alinifungulia nikilia."

"Baba yako aliiona?"

"Hapana. Bibi alinikataza, na alipokufa aliniachia wasia nisimwonyeshe. Alisema, baba yako akimwona amepona atamwacha na kwenda kwa mwingine." Akaitazama mikono yangu. "Alisema alikuona mikono siku ulipoleta picha. Haikutulia."

Nje mtu aliulizia chumvi, akajibiwa.

"Nilitaka kukuuliza wewe," Tatu alisema, "kwa sababu sasa hakuna mwingine wa kumuuliza. Kwa nini yule aliumwa na huyu hakuumwa?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya chaki zilizokwisha, ya zile nilizozianika uvunguni mwa kitanda, ya maneno matatu niliyomwambia Mama Theresia. Nilimwambia juu ya barua, na kwamba nilipanda hapa kusema na nikashuka bila kusema. Nilimwambia manjano ya jikoni hayastahimili jua, hayamalizi miezi mitatu, na kwamba hakukuwa na ugonjwa wala kukataa, kwa kadiri ninavyojua. Sikumwambia habari ya macho.

Tatu aliinua karatasi kwa ncha za vidole, akaenda dirishani, akasukuma ubao wa dirisha wazi. Jua la Matombo lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Aliishika mbele yake, uso umeelekea nje, na mwanga ukapita kwenye karatasi, na mimi nilipokaa kitandani nikamwona Mwanamkasi kutoka nyuma, kama nilivyomchora, alama kushoto, wa manjano mpaka kwenye kope.

Akailaza kwenye kizingiti cha dirisha, uso juu, akatafuta vijiwe vinne, akaviweka kwenye pembe.

"Utakaa mpaka arobaini?" aliniuliza.

Nikasema nitakaa. Akatoka kwenda kuwasaidia wenzake kuinua sufuria la wali, akauacha mlango wazi.